Waziri Aliyesema Hazina Imekauka

Hapa Gisenyi, China ya kale ikitajwa katika darsa zetu, wenzangu humkumbuka Zheng He, Mwislamu aliyeongoza merikebu mpaka pwani ya Waswahili. Mimi namkumbuka Xia Yuanji, waziri wa fedha aliyezigharimia safari zile. Hakuwa Mwislamu, alisoma mafundisho ya Confucius, yanayomtaka mtumishi wa mfalme amkanye anapokosea.

Mwaka 1414 twiga alifikishwa kwa mfalme Yongle. Alichorwa, na Shen Du akaandika sifa juu ya picha: mnyama huyu ni dalili ya mtawala mwema. Mwaka uliofuata Malindi ikapeleka mwingine. Wa kusifu walikuwa tele.

Mwaka 1421 Yongle alitaka kuwapiga tena Wamongolia. Xia alimweleza kwamba hazina na maghala yamekauka. Akafungwa. Nyumba yake ilipopekuliwa, ukiacha zawadi za mfalme, zilionekana nguo za kawaida na vyombo vya udongo tu. (Waziri gani leo angependa kupekuliwa hivyo?)

Yongle alifariki mwaka 1424 akirudi vitani. Mwanawe alimfungua Xia, akamtaka ushauri, akasimamisha merikebu. Xia alifariki mwaka 1430. Mwaka huohuo Zheng He akaamriwa kusafiri tena.