Ruganzu Ndoli: Mfalme aliyerejea kutoka Karagwe na maajabu aliyovishwa na wasimulizi

Anayeshuka kutoka kilima cha Gisozi, jijini Kigali, hadi Nyabugogo, kisha akashika barabara ya Musanze kupitia Shyorongi, hatimaye hufika mahali paitwapo Kirenge, wilayani Rulindo. Jina hilo kwa Kinyarwanda lina maana ya unyayo. Hapo upo mwamba wenye alama ambazo wenyeji, kizazi baada ya kizazi, wamezihesabu kuwa nyayo za Mfalme Ruganzu wa Pili Ndoli.

Si Kirenge pekee. Katika vilima vingi vya Rwanda huonyeshwa chemchemi zinazosemekana kububujika baada ya mfalme huyo kuichoma ardhi kwa silaha yake, na miamba yenye vishimo vilivyopangwa kama bao, ambapo inasimuliwa kwamba alicheza na watu wake. Hakuna mtawala wa Rwanda ya kale aliyepewa maajabu mengi kumzidi. Kama vile watu wa pwani wanavyomsimulia Fumo Liongo ambaye silaha za kawaida hazikumdhuru, ndivyo Wanyarwanda wanavyomsimulia Ruganzu.

Mtoto aliyefichwa ugenini

Kwa mujibu wa mapokeo ya kifalme, Ndoli alikuwa mwana wa Mfalme Ndahiro wa Pili Cyamatare, ambaye utawala wake ulivurugwa na ugomvi wa ndugu. Alipoona hatari inakaribia, Ndahiro alimtuma mwanawe akiwa bado mdogo kwa shangazi yake Nyabunyana, aliyeolewa na mfalme wa Karagwe, nchi ambayo leo imo katika Mkoa wa Kagera nchini Tanzania.

Hatari hiyo ilitimia. Ndahiro aliuawa huko Cyingogo, magharibi mwa nchi, katika vita na majeshi ya Nsibura Nyebunga, mtawala kutoka upande wa Ziwa Kivu. Ngoma ya kifalme iliyoitwa Rwoga ikatekwa. Kwa Wanyarwanda wa enzi hizo, kupotea kwa ngoma kulikuwa msiba mkubwa kuliko kufa kwa mfalme mwenyewe, kwa sababu ufalme wenyewe ulikaa ndani ya ngoma. Baraza la kifalme liliendelea kuomboleza msiba huo kila mwaka katika mwezi wa Gicurasi.

Wasimulizi wanasema nchi ilikaa miaka 11 bila mfalme halali, huku mnyakuzi aitwaye Byinshi akishikilia sehemu yake. Mvua haikunyesha, ng'ombe hawakuzaa, wala wanawake hawakupata watoto. Kisha Ndoli, akiwa sasa kijana, akavuka kutoka Karagwe na kurudi. Mvua ikanyesha. Hilo ndilo lililokuwa ajabu lake la kwanza, na lilibeba ujumbe wa kisiasa: ardhi yenyewe ilikuwa imemtambua.

Mama aliyempa kumbukumbu

Kiti cha ufalme wa Rwanda kilikaliwa na watu wawili, mfalme na mama yake. Ndoli alikuwa yatima. Kwa hiyo alimchagua Nyirarumaga, mwanamke wa ukoo wa Abasinga, awe mama mfalme wa kupanga.

Uamuzi huo ulizaa matunda yaliyodumu kuliko vita vyake vyote. Nyirarumaga anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa mashairi marefu ya kifalme, ibisigo. Kabla yake, sifa za kila mfalme zilitungwa katika vipande vifupi ambavyo vilikuwa vikisahaulika. Yeye aliviunganisha katika utungo mmoja unaofuata wafalme kwa zamu, kisha akaweka utaratibu wa washairi wa baraza ambao kazi yao ilikuwa kuhifadhi na kurithisha tungo hizo kwa moyo.

Ndoli naye alisimika ngoma mpya, Kalinga, mahali pa Rwoga iliyotekwa. Ngoma hiyo ilibaki alama kuu ya ufalme hadi karne ya 20.

Maadui wa kila kilima

Akiwa na jeshi lake mashuhuri la Ibisumizi, Ruganzu alianza kupigana na watawala wadogo waliomzunguka. Wasimulizi waliwafanya maadui hao kuwa wa kutisha, kila mmoja kwa namna yake, na kila mmoja alishindwa kwa njia yake.

Katika mlima wa Huye, inasimuliwa, alitawala kikongwe Nyagakecuru, aliyelindwa na nyoka mkubwa aliyejificha katika kichaka cha miiba. Ruganzu hakuanza kwa mkuki. Alimpelekea kikongwe huyo mbuzi kama zawadi. Mbuzi wakala kichaka hadi kikaisha, nyoka akakosa maficho, na ngome ikaanguka.

Huko kaskazini, katika nchi ya Bugara kando ya maziwa ya Burera na Ruhondo, alitawala Nzira mwana wa Muramira. Inasemekana Ruganzu alijivika ngozi ya kondoo, akajiita Cyambarantama, akaingia katika ua wa adui yake kama mtumishi mnyonge, akasubiri hadi siku ya kumuua. Ruhande, ambako leo kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Rwanda, kulikuwa makao ya Mpandahande, naye akaangushwa.

Jambo moja linajitokeza katika visa hivi. Nguvu za Ruganzu zilikuwa kubwa, lakini mara nyingi ushindi wake ulitokana na subira na hila. Na kila kilima kilichotekwa kilijipatia nafasi katika hadithi moja ya nchi nzima, hata kama nafasi hiyo ilikuwa ya aliyeshindwa.

Mbingu na volkano

Juu ya hadithi hizo palikuwa na ulimwengu mpana zaidi. Wafalme walisemekana kutokana na Kigwa, aliyezaliwa mbinguni kutoka katika chombo cha maziwa kisha akashuka Mubari, mashariki mwa nchi. Pembeni ya baraza la kifalme alikuwepo shujaa mwingine, Ryangombe, mwindaji aliyeuawa na nyati, ambaye baadhi ya masimulizi humweka katika zama za Ruganzu. Waumini wa ibada yake ya kubandwa waliamini kwamba baada ya kifo wangeungana naye katika Karisimbi, mlima wenye urefu wa mita 4,507, ilhali wasioingizwa katika ibada wangetupwa katika moto wa Nyiragongo.

Ryangombe hakuwa wa Rwanda pekee. Nchini Burundi aliitwa Kiranga, na jina lake lilifika hadi kwa Wanyamwezi wa Tanzania. Kila nchi ilimwongezea visa bila kuomba ruhusa ya nyingine, karne nyingi kabla ya filamu na katuni za Marekani kuwakutanisha mashujaa wao katika ulimwengu mmoja.

Mshale wa jicho

Ruganzu hakufa kifo cha miujiza. Akiwa vitani magharibi mwa nchi, upande wa Ziwa Kivu, mshale ulimpata jichoni, naye akafariki kutokana na jeraha hilo. Mwanawe, Mutara wa Kwanza Semugeshi, alirithi ufalme. Baada ya hapo hakuna mfalme mwingine wa Rwanda aliyepewa jina la Ruganzu.

Mrithi au mgeni?

Padri na mwanahistoria Alexis Kagame, mzaliwa wa Kiyanza, aliyeandika mapokeo ya baraza katika kitabu chake Inganji Karinga cha miaka ya 1940, aliuweka utawala wa Ruganzu katika karne ya 16. Mwanahistoria Mbelgiji Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alimsogeza hadi karne ya 17 na kuzua swali zito: huenda Ndoli hakuwa mtoto aliyerudi nyumbani, bali kiongozi aliyekuja kutoka kaskazini na mifugo yake, akaanzisha ufalme mpya, na kisa cha Karagwe kikatungwa baadaye ili kumuunganisha na wafalme waliotangulia. Ikiwa ni hivyo, maajabu yake yalikuwa hati ya kumiliki: mwamba wenye unyayo hauulizi mtu ametoka wapi.

Nchini Rwanda swali la nani ni mgeni si la wasomi peke yao. Wakoloni walichukua visa vya asili ya wafalme wakavigeuza kuwa nadharia kwamba Watutsi wote ni wavamizi kutoka mbali, na wanasiasa wa baadaye wakaifanya nadharia hiyo kuwa silaha. Huko Gisozi, katika ukumbusho uliofunguliwa mwaka 2004, wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994.

Kwa hiyo inafaa kukumbuka hadithi zenyewe zilivyokuwa kabla ya kupotoshwa. Zilimhusu mtu mmoja na ukoo mmoja wa kifalme, si kabila zima. Wala hazikumilikiwa na kundi moja: zilisimuliwa nyumbani kwa mkulima na kwa mfugaji, katika lugha moja. Awe alizaliwa Rwanda au kwingineko, Ruganzu alipata makao katika kumbukumbu ya watu wote waliokaa chini ya vilima hivyo, na ndiyo maana anayepita Kirenge leo bado huonyeshwa unyayo wake.