Johannes Rebmann wa Rabai, Mtu wa Kungoja

Wengi wamesikia jina la Johannes Rebmann kwa ajili ya mlima. Tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, akaandika habari zake. Na wataalamu wa London, ambao hawakukanyaga huku kamwe, wakamcheka. Lakini habari ya mlima ni ya siku moja. Sisi Wakristo wa Dayosisi hii yatupasa zaidi kuikumbuka miaka yake 29 ya kukaa kwetu, ambayo karibu yote ilikuwa ya kungoja.

Alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, Ujerumani. Alipofika Mombasa mwaka 1846 alimkuta Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amewazika mkewe na mtoto wake mchanga. Mwaka ule ule wakapanda Rabai, wote wawili wakiwa na homa, na wazee wa Wanyika, ndio Wamijikenda wa leo, wakawapa mahali pa kukaa.

Siku zile alidhani kazi yake itakuwa ya safari. Alikwenda hata Uchagani pamoja na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara, naye mwenyewe hakushika silaha ila mwavuli. Mwaka 1849 akaazimu kupita mpaka Unyamwezi. Alipofika Machame, Mangi Mamkinga akamtaka zawadi leo, na kesho tena, hata nguo zote alizoziweka kwa njia zikaisha. Akarudi pwani mikono mitupu, katika mvua na ugonjwa. Mlango ule haukufunguliwa kwake tena.

Basi akakaa Rabai. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, aliyekuwa kiwete, naye akafa upesi. Baadaye wakaja Abe Gunja na mwanawe Nyondo, na wengine wachache sana. Krapf akaondoka mwaka 1853 kwa ugonjwa. Mwaka 1857 Wamaasai wakaishambulia nchi, naye Rebmann akalazimika kukimbia kwa muda. Kisha akarudi pale pale. Mwaka 1866 akamzika mkewe.

Wako waliomlaumu kwamba alikuwa mzito, na kwamba hesabu ya waongofu wake ilikuwa aibu kwa kazi ya miaka mingi hivyo. Mimi siwezi kumlaumu. Nimefundisha darasa la ubatizo lililoanza na watu wengi likaisha na wawili, nami nililalamika kabla ya mwaka kwisha. Yeye hakuwabatiza watu upesi ili apate hesabu ya kupeleka Ulaya.

Wala hakukaa bure. Mombasa alimpata mtumwa mmoja, jina lake Salimini, aliyechukuliwa kwa nguvu kutoka pande za ziwa Nyasa. Kwa Salimini akajifunza Kinyasa, neno kwa neno, akaandika kamusi ya lugha ya nchi ambayo hakuiona na ambayo hakufika. Mwenye kufanya hivyo anaamini kwamba Mungu atawaleta wa kuitumia.

Na wasaidizi Mungu alimletea, ila kwa njia ambayo hapana aliyeiwaza. Mwaka 1864 walikuja kutoka Nasik, Bara Hindi, William Jones na George David, Waafrika waliookolewa katika utumwa wakasomeshwa ng'ambo ya bahari. Huyo Jones ndiye aliyefuatana na Askofu Hannington katika safari ya mwaka 1885.

Macho ya Rebmann yakafifia hata akawa kipofu. Mwaka 1875, mwaka wa kuanzishwa Frere Town, akaondoka Rabai. Nyondo, aliyebatizwa Isaac, alimshika mkono mpaka chomboni, akasafiri naye hata Ulaya. Rebmann alikufa Korntal, tarehe 4 Oktoba 1876. Kamusi ya Kinyasa ikapigwa chapa mwaka wa pili yake, kwa kazi ya rafiki yake Krapf.