Usuli wa Dhamira ya Mauaji ya Kisiasa: Maisha ya J.M. Kariuki

Katika tamthilia ya Kigogo kuna mhusika ambaye humwoni jukwaani, ilhali bila yeye huwezi kuielewa vyema hofu ya Majoka. Ni Jabali, mpinzani aliyeuawa. Watahiniwa wengi humpitia Jabali haraka kwa sababu hana maneno anayoyasema. Ili umwelewe, nakusimulia maisha ya mtu wa kweli ambaye huenda umewahi kumsikia nyumbani, hasa ikiwa unasomea Nyeri, Othaya, Karatina au Kerugoya: Josiah Mwangi Kariuki, ambaye Wakenya walimwita JM.

Wazazi wake walitoka Chinga, kusini mwa Othaya. Kama maelfu ya Wakikuyu wa wakati ule waliokosa ardhi, walihamia Bonde la Ufa wakawa maskwota katika shamba la mlowezi. Huko Kabati-ini, karibu na Nakuru, ndiko JM alikozaliwa mnamo Machi 21, 1929. Likumbuke neno hilo skwota: ni mtu anayelima, anayejenga na kuzaa watoto katika ardhi ambayo anaweza kufukuzwa kesho yake. Yote aliyoyasema JM baadaye kuhusu ardhi yalianzia hapo.

Alikatiza masomo kwa kukosa karo, akawa kibarua wa shambani. Mwaka 1946 alishinda kamari ya mbio za farasi, na fedha hizo zikamrudisha darasani. (Usiichukue hii kuwa njia ya kulipa karo!) Alisomea shule ya misheni ya Karima, ng'ambo ya Othaya, kisha Kerugoya, na hatimaye akaenda King's College Budo nchini Uganda. Aliporejea Kenya mwezi wa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilikuwa ndiyo imetangaza hali ya hatari.

Mwaka uliofuata alikamatwa kwa kuwasaidia Mau Mau, akakaa kizuizini miaka saba, akihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine: Manyani, Lodwar, kisiwa cha Saiyusi na nyinginezo, kumi na nne kwa jumla. Akiwa huko aliandika barua za siri kwenda London kulalamikia vipigo na njaa, na kila zilipogunduliwa aliadhibiwa. Alipoachiliwa mwaka 1960 alisaidia kuanzisha tawi la KANU mjini Nyeri. Mwaka 1963 kitabu chake, Mau Mau Detainee, kilichapishwa. Kabla ya hapo hadithi ya kambi zile ilikuwa imesimuliwa zaidi na waliozisimamia.

Kufikia hapa unaweza kudhani kwamba shujaa huyu aliishi maisha ya umaskini mtakatifu. La. Baada ya uhuru JM alikuwa katibu wa kibinafsi wa Rais Jomo Kenyatta, akawa mbunge na waziri msaidizi. Alitajirika, akamiliki mashamba na farasi wa mashindano, na kamari hakuiacha. Alitoa michango mikubwa katika harambee hadi wanasiasa wenzake wakaona haya. Wapo wanaosema kwamba utajiri huo unaufanya utetezi wake kuwa unafiki. Mimi siafikiani nao, lakini hoja yao ina uzito, na mwanafunzi mzuri huitaja kabla ya kuijibu.

Sasa tuipanue picha. Miaka hiyo dunia ilikuwa katika Vita Baridi. Marekani na Muungano wa Kisovieti zilishindania nchi changa za Afrika kwa misaada, silaha na nafasi za masomo. Nchini Kenya, Oginga Odinga alitafuta marafiki Mashariki. Tom Mboya alikuwa na marafiki Marekani. Mnamo Februari 24, 1965, Pio Gama Pinto, mbunge mwenye msimamo wa kisoshalisti, alipigwa risasi akitoka nyumbani kwake Nairobi. Miezi miwili baadaye meli ya Kisovieti, Fizik Lebedev, ilileta silaha Mombasa, na Kenyatta akazikataa. Mwaka huohuo serikali ilitoa waraka nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, ikidai haifuati upande wowote, ingawa njia iliyochaguliwa ilikuwa ya soko na umiliki wa binafsi.

Swali lililowaumiza watu wa Mlima Kenya halikuwa la Moscow wala Washington. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa mikopo ya Uingereza, na Mwafrika akatakiwa kulipia ardhi ambayo babake alinyang'anywa. Waliokuwa na fedha au jamaa serikalini walipata mashamba makubwa. Wengi waliotoka msituni na kizuizini hawakupata kitu. Bildad Kaggia, mbunge wa Kandara aliyefungwa pamoja na Kenyatta, alilisema hilo akapoteza uwaziri msaidizi mwaka 1964. Alipomfuata Odinga katika chama cha KPU mwaka 1966, aliandamwa kama mtu wa ukomunisti. Katika siasa za wakati ule jina hilo lilifanya kazi ya rungu: ukishaitwa mkomunisti, hakuna aliyelazimika tena kuijibu hoja yako.

JM hakumfuata Odinga. Alibaki ndani ya KANU, na pengine ndiyo maana aliogopwa zaidi, kwa kuwa rungu lile lilikuwa gumu kumpiga nalo. Nani angemwita wakala wa Moscow tajiri mwenye farasi wa mashindano, mzaliwa wa nyumba ya Mau Mau, aliyewahi kukaa ofisini mwa Rais? Alionya kwamba Kenya isije ikawa nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Mikutano yake ikanyimwa vibali. Hata hivyo, katika uchaguzi wa 1974 wapiga kura wa Nyandarua Kaskazini walimrudisha bungeni.

Mnamo Machi 2, 1975 alionekana kwa mara ya mwisho katika hoteli ya Hilton, Nairobi, pamoja na kamanda wa GSU, Ben Gethi. Siku iliyofuata mchungaji wa Kimaasai alikuta maiti kwenye vilima vya Ngong. Maiti hiyo ilikaa katika chumba cha maiti cha jiji kama ya mtu asiyejulikana, huku gazeti likitangaza kwamba JM yuko Zambia. Jamaa zake walimtambua Machi 11. Alizikwa Gilgil.

Bunge liliteua kamati chini ya Elijah Mwangale. Ripoti yake, iliyotolewa Juni 1975, inasomeka kama riwaya ya upelelezi: nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani alidanganya. Ilipendekeza kwamba Gethi na wengine wachunguzwe. Waziri Masinde Muliro aliiunga mkono akafutwa kazi, pamoja na mawaziri wasaidizi wawili. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji hayo.

Mwaka huohuo Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa akikamilisha riwaya ya Petals of Blood huko Yalta, akiwa mgeni wa chama cha waandishi wa Kisovieti, katika mji uleule ambako Roosevelt, Churchill na Stalin walikutana mwaka 1945. Riwaya hiyo inaanza na uchunguzi wa mauaji ya matajiri watatu, na ndani yake kuna wakili mtetezi wa wanyonge ambaye naye anauawa. Wasomaji wengi wamemwona JM katika wakili huyo. Ilipozinduliwa mwaka 1977, mgeni wa heshima alikuwa Waziri wa Fedha Mwai Kibaki, mbunge wa Othaya. Kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ alikuwa kizuizini.

Neno moja la mtahini: usiandike katika jibu lako kwamba Jabali ni JM. Tamthilia haisemi hivyo, na alama hutolewa kwa yaliyomo kitabuni. Unachoweza kufanya ni kurudi kwenye maonyesho yote, utafute kila mahali Jabali anapotajwa, uandike ni nani anayemtaja, anamtaja mbele ya nani, na mazungumzo yanageukia nini baada ya jina hilo kutamkwa.