Al-Jazari na Saa Zake za Maji

Sisi watu wa pwani huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na kwa kuwa tu karibu na Istiwai mchana wetu haurefuki wala haufupiki sana. Sivyo ilivyo katika mji wa Amid, uitwao leo Diyarbakır, katika Uturuki. Huko wazee waligawanya kila mchana mafungu kumi na mawili, uwe mrefu au mfupi; basi saa moja ya kiangazi ilifika karibu dakika 74 za saa zetu, na ya wakati wa baridi haikutimia 48.

Katika mji huo aliishi Ismail bin al-Razzaz al-Jazari. Karibu yote tuyajuayo juu yake yatoka katika dibaji ya kitabu chake: kwamba aliingia katika utumishi wa wafalme wa Kiartuki, na kwamba mfalme Nasir al-Din Mahmud ndiye aliyemtaka aandike. Akakitimiza mwaka wa 602, yaani 1206 Miladiya. Mna vyombo 50 ndani yake, na kumi ni saa: sita za maji, nne za mishumaa.

Saa kubwa ilikuwa na birika lenye boya. Maji yakitoka, boya hushuka likivuta kamba, na kila saa mlango mmoja katika kumi na miwili hufunguka. (Wako watakaotuuliza habari za masanamu na wapiga ngoma wa saa hiyo; hayo tumeyaacha.) Shida ilikuwa moja: birika lile lile liishe machweo, Juni na Disemba. Kwa hiyo maji yalipita kwanza katika chombo kidogo chenye kizibo kielezi, ili kimo chake kisibadilike, kisha yakatokea tunduni penye ukingo wa kisahani chenye alama za buruji. Tundu likishushwa, maji hukimbia. Likipandishwa, hupunguza mwendo.

Alama hizo alizikuta kwa waliomtangulia, nao walikuwa mabingwa wa kutajika. Hakuzichukua vivi hivi. Alizijaribu, akaona zakosea. Akajaribu mpango mwingine, nao ukakosea. Mwishowe akazichora mwenyewe kwa kuyapima maji yatokayo.

Mwaka wa 1976 saa hiyo iliundwa upya London kwa kufuata maelezo yake, ikaenda.