Lionel de Rothschild: Mwanabenki Aliyekataa Kiapo

Lionel de Rothschild alizaliwa jijini London tarehe 22 Novemba 1808. Babake, Nathan Mayer Rothschild, alikuwa Myahudi kutoka Frankfurt aliyeanzisha benki mashuhuri. Babake alipofariki mwaka wa 1836, Lionel alirithi uongozi wa benki hiyo.

Mwaka wa 1847, wapigakura wa City of London walimchagua kuwa mbunge. Hata hivyo, kiapo cha wabunge kilimlazimu kuapa kwa imani ya kweli ya Kikristo. Lau angaliyatamka maneno hayo machache, angaliketi bungeni mara moja. Lionel alikataa kuikana dini yake. Mwaka wa 1850 aliapa kwa Agano la Kale, akayaruka maneno hayo, akaamriwa kuondoka. Bunge la Makabwela lilipitisha miswada ya kukibadilisha kiapo hicho, lakini Bunge la Malodi likaikataa. Wapigakura nao walimrudisha mwaka wa 1849, 1852 na 1857.

Subira huvuta heri. Sheria ilibadilishwa mwaka wa 1858, na tarehe 26 Julai Lionel akaapa akiwa amefunika kichwa, kwa desturi ya Kiyahudi. Ajabu ni kwamba hakutoa hotuba yoyote bungeni.

Mwaka wa 1875 aliikopesha Uingereza pauni milioni 4 kununua hisa za Mfereji wa Suez. Alifariki tarehe 3 Juni 1879. Miaka 6 baadaye, mwanawe Nathan aliingia katika Bunge la Malodi, lile lile lililomfungia babake mlango.