Mfalme Lalibela na Makanisa ya Mwamba

Mbali sana na Kisangani, upande wa mawio ya jua, iko nchi ya Ethiopia. Huko, katika milima ya Lasta, katika mji ulioitwa Roha, alizaliwa Lalibela wa ukoo wa wafalme Zagwe. Wazee wa nchi ile husimulia kwamba siku ya kuzaliwa kwake kundi la nyuki lilimzunguka mtoto bila kumuuma. Mama yake akaona kwamba nyuki wamemtambua mfalme, ndiyo maana akamwita Lalibela. Husimulia tena kwamba ndugu yake Harbay, aliyekuwa mfalme, alimwonea wivu akampa sumu. Lalibela akalala siku tatu kama maiti, na malaika wakamwonyesha makanisa mazuri mbinguni.

Masimulizi hayo yaliandikwa muda mrefu baada ya kufa kwake. Yafaa kuyasoma kwa heshima, lakini si yote ni historia. Lililo hakika ni hili: Lalibela alitawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13, na altare za mbao zenye jina lake zingaliko.

Zamani zile Wakristo wa Ethiopia walikwenda kuhiji Yerusalemu. Safari ilikuwa ya miezi mingi, kupita jangwa na bahari, na wengine hawakurudi. Mwaka 1187 Sultani Salahuddin aliuteka mji ule. Husemwa kwamba ndipo Lalibela alipokusudia kuwapa watu wake Yerusalemu nyingine katika milima yao wenyewe, ili hata maskini aweze kuhiji. Kijito cha hapo kinaitwa Yordani hata leo, na kanisa moja linaitwa Golgota.

Je, makanisa yale yalijengwaje? Hayakujengwa! Mtoto aliyewaona mafundi wakichonga mtumbwi, kama ile ya wavuvi Wagenia kwenye maporomoko, ataelewa upesi. Fundi wa mtumbwi haungi ubao na ubao. Huchukua gogo moja, huondoa kwa tezo mti usiotakiwa, na kinachobaki ni mtumbwi. Lalibela alifanya vivyo hivyo, ila gogo lake lilikuwa mlima.

Mafundi walianza juu. Walichimba handaki lenye pande nne, hata bonge kubwa la mwamba mwekundu likabaki katikati kama kisiwa. Wakalichonga wakishuka chini: kwanza paa, halafu madirisha, mwisho milango. Wakaingia ndani wakatoboa tumbo la mwamba, wakiacha nguzo na matao mahali pake. Fundi wa matofali akikosea hubomoa ukuta akaanza upya. Hawa hawakuweza. Tindo ikipita mahali pa nguzo, nguzo hiyo imepotea kabisa. Tena ilibidi kufikiri juu ya mvua: sakafu za mahandaki ziliinamishwa kidogo ili maji yatoke, la sivyo kanisa lingekuwa kisima.

Yako makanisa 11. Kubwa kupita yote ni la Mwokozi wa Ulimwengu, lenye urefu wa mita 33 na upana wa mita 23. Kanisa la Bikira Maria lina michoro ya rangi darini na kwenye matao. Katika Golgota wamechongwa watakatifu ukutani, wakubwa kama watu wazima. Inasemekana kaburi la mfalme limo humo. Zuri kupita yote ni la Mtakatifu Jorji. Lina umbo la msalaba, na kimo chake ni kama mita 12, lakini paa lake liko sawa na ardhi, hata msafiri asilione mpaka afike ukingoni. Juu ya paa imechongwa misalaba mitatu, mmoja ndani ya mwingine.

Watu husema malaika walichonga usiku wakati mafundi walipolala. Lakini alama za tindo zaonekana ukutani, nazo ni kazi ya mikono ya watu. Wataalamu wanaona tena kwamba baadhi ya mapango yalichimbwa kabla ya Lalibela, na kwamba kazi iliendelea baada yake. Hata malkia Masqal Kibra husifiwa kwamba alichongesha kanisa moja kwa kumkumbuka mumewe.

Baadaye Roha ukaitwa Lalibela. Padri Mreno Francisco Álvares, aliyefika Ethiopia mwaka 1520, aliyaona makanisa yale akaandika habari zake, akiogopa kwamba watu wa Ulaya hawatamsadiki. Mwaka 1978 UNESCO iliyaandika kati ya urithi wa dunia nzima.

Noeli ya Ethiopia ni tarehe 7 Januari, na wenyeji husema Lalibela alizaliwa siku hiyo. Mahujaji hufika kwa maelfu, wengine baada ya kutembea kwa miguu siku nyingi. Mapadri wenye mavazi meupe husimama ukingoni mwa mwamba, juu ya kanisa la Bikira Maria, na wengine chini uani, wakiimba kwa kupokezana pamoja na ngoma. Kisha watu huvua viatu mlangoni, huubusu mwamba, na kuingia kusali.