Karl Landsteiner: Aliyezipambanua Damu za Binadamu

Majeruhi wengi wa vita wameokoka kwa kutiwa damu ya wenzao. Sisi tulioko Makenke, Mbarara, twaona yafaa ndugu zetu wa jeshi na polisi wamfahamu aliyeliwezesha jambo hilo.

Karl Landsteiner alizaliwa karibu na Vienna, Austria, tarehe 14 Juni 1868. Baba yake, mwandishi wa magazeti, alifariki Karl angali mtoto, naye akalelewa na mama. Alihitimu udaktari mwaka 1891.

Zamani hizo kumtia mgonjwa damu kulikuwa bahati nasibu: huyu alipona, yule alikufa. Landsteiner alichanganya damu za watu sita wa kazini, naye akiwamo, akaona nyingine zashikamana na nyingine hazishikamani. Mwaka 1901 alitangaza makundi matatu, ambayo leo ni A, B na O. Kundi AB liligunduliwa na wenziwe mwaka 1902.

Wakati huo Paul Ehrlich wa Ujerumani alifundisha kwamba mwili hujizuia usijidhuru wenyewe. Mwaka 1904 Landsteiner na Julius Donath walithibitisha kuwa kizuizi hicho huweza kuvunjika. Wagonjwa wao walitoa mkojo mwekundu baada ya kupigwa na baridi. Kumbe kingamwili, walinzi wa mwili, zilizishika chembe nyekundu za mgonjwa mwenyewe wakati wa baridi, na damu ilipopata joto tena chembe hizo zikapasuka. Ni sawa na mlinzi wa lango kuwafyatulia risasi wenzake kambini.

Leo yajulikana kuwa mwili una nidhamu yake: chembe nyeupe zenye kuelekea kuasi huuawa au kunyamazishwa, na nyingine huwekwa kuzichunga. Nidhamu ikilegea, damu hupungua na macho huwa manjano. Hata kumpatia mgonjwa damu huwa kazi ngumu, kwani kingamwili hizo huweza kuikataa karibu kila damu inayopimwa.

Dhiki ya baada ya vita ilimtoa Landsteiner kwao mwaka 1919, akaenda Uholanzi, kisha New York. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Alifariki tarehe 26 Juni 1943, baada ya kushikwa na moyo akiwa maabarani.

Tarehe aliyozaliwa ndiyo leo Siku ya Wachangiaji Damu Duniani. Damu ya kundi O ya mkimbizi wa Nakivale ni kundi lile lile la askari wa Makenke. Kabila na cheo havimo. Basi kila askari na alijue kundi lake, na mwenye afya njema ajitolee.